Vyambo Bandia Visivyo na Ulimi: Nini cha Kulinganisha Ukivua Bahari ya Dar

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi Kariakoo ukaomba kuoneshwa vyambo bandia visivyo na ulimi, muuzaji atakupangia mezani vipande vinane au tisa ambavyo jicho linashindwa kuvitenganisha: kibapa cha plastiki chenye sura ya samaki, mgongo ulioinuka, ndoana mbili za ncha tatu, na gololi ndani zinazolia ukikitikisa. Kimoja kinaweza kuuzwa mara tatu au nne ya bei ya mwenzake. Ukiuliza sababu, utatajiwa jina la kampuni. Ukirudi nyumbani ukafungua mtandao, utakuta orodha ndefu za vyambo kumi bora, kila kimoja kimepewa nyota zake, na ukimaliza kusoma bado hujui ununue kipi cha kwenda kurusha Jumamosi kule Kunduchi.

Orodha hizo si za uongo, ila zinajibu swali la mvuvi mwingine. Nyingi zimeandikwa na watu wanaovua bass, samaki wa maji baridi wa Marekani Kaskazini, katika mabwawa yaliyojaa majani chini. Maji yao hayana chumvi, hakuna matumbawe, na bass hana meno ya kukata mshipi. Kwetu chambo hichohicho kinakutana na chumvi, mawe, mkondo wa bamvua, na kolekole anayevuta hadi pete za chuma zinafunguka. Maji yakibadilika na samaki akabadilika, sifa zinazofaa kupewa uzito nazo hubadilika. Kwa mvuvi wa Dar, ninavyoona, la kwanza kuangalia ni jinsi chambo kinavyozama, la pili ni vyuma vyake. Kasi na sauti vinafuata. Rangi na jina la kampuni viko nyuma kabisa, ingawa ndivyo vinavyozungumzwa zaidi dukani.

Kinachokitetemesha

Chambo bandia cha kawaida kina ulimi wa plastiki uliotokeza chini ya kidevu. Ulimi huo ndio unaopiga maji, ukakizamisha chambo na kukiyumbisha kushoto na kulia. Urefu wake na mwinamo wake ndivyo vinavyoamua kina. Kilichotengenezwa kwenda mita mbili kitakwenda mita mbili, na ukiacha kuvuta, vingi vya aina hiyo hupanda juu na kuelea.

Kisicho na ulimi kina njia yake. Tundu la kufungia mshipi liko mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa, na uzito mwingi umewekwa chini kwa mbele. Ukivuta, paji lake bapa linapokea maji kwa mteremko, kama tiara ya watoto inavyopokea upepo kwa sababu uzi wake umefungwa kifuani na si kichwani. Maji yanayopita pembeni huacha vizingia vidogo vinavyopokezana, upande huu kisha upande ule, na mwili mwembamba wa chambo unasukumwa kwa zamu. Ndiyo maana mtetemo wake ni mfupi na wa haraka, unausikia hadi kwenye mpini wa fimbo, wakati chambo chenye ulimi kinayumba kwa mapana na polepole.

Hapo yanatoka mambo mawili. Kwanza, kina unakiamua wewe: ukikiacha kizame sekunde tano kinapita juu, ukikiacha kumi kinapita chini. Pili, kadiri unavyovuta kwa kasi ndivyo kinavyopanda, kwa sababu kinavutwa kutoka juu na hakina kitu cha kukikandamiza chini. Mvuvi anayelalamika kwamba chambo chake hakikai chini mara nyingi anazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, haraka mno, wala chambo hakina kosa. Na kwa kuwa hakina ulimi wa kukamata hewa, kinaruka vizuri. Wakati wa kusi, unapotupa ukielekeza uso baharini na upepo unakurudisha, faida hiyo inaonekana wazi.

Umbo hili lilikuwepo Marekani tangu miaka ya 1950, lakini kilicholisambaza ni chambo kiitwacho Rat-L-Trap, kazi ya Bill Lewis wa Louisiana, aliyeanza kuitengeneza katika miaka ya 1960. Ilikuwa na mambo yaliyofaa mabwawa ya kule, kama Toledo Bend na Sam Rayburn mpakani na ndani ya Texas: unakirusha juu ya majani yaliyozama, kikinasa kidogo unakichomoa kwa nguvu, na bass anakishambulia pale kinapochomoka. Hata umaarufu wa rangi nyekundu kwenye vyambo hivi umetoka huko, kwa sababu majira ya machipuko bass hula kamba wa maji baridi wenye wekundu. Mtu wa Mbezi Beach anayenunua chambo chekundu kwa kuwa kimesifiwa mtandaoni amenunua kamba wa Texas.

Kinavyozama

Hapa ndipo vyambo vinavyofanana mezani vinapoachana, na boksi halitakuambia. Boksi litakuambia urefu na uzito tu, kwa mfano sentimita 7 na gramu 14. Vyambo viwili vyenye vipimo hivyohivyo vinaweza kushuka kwa namna mbili tofauti kabisa, kutegemea uzito umekaa wapi ndani ya tumbo.

Uzito ukiwa mbele sana, chambo kinatangulia kichwa na kwenda chini moja kwa moja. Rat-L-Trap ya asili iko upande huo. Inafika chini haraka, na inapenda kuvutwa mfululizo kuliko kuachwa izame. Uzito ukisambazwa vizuri, chambo kinashuka karibu kikiwa mlalo huku kikitikisa ubavu. Red Eye Shad ya Strike King imejengewa sifa yake juu ya jambo hilo: ukilegeza mshipi, yenyewe inaendelea kutetemeka ikienda chini, na samaki anaiona inakufa. Kisha kuna familia ya TN ya Jackall, kampuni ya Kijapani, ambayo kipande cha tangsteni, chuma kizito kuliko risasi, kimewekwa nje chini ya kidevu. Kikigusa chini kinasimama kwa pua, mkia juu, na ndoana ya nyuma inakuwa mbali na kile kilicho chini.

Kwa bahari yetu tofauti hizi si mapambo. Samaki wanaokaa karibu na miamba, kama chewa na changu, hawapendi kukimbiza chakula mbali. Wanatoka, wanabeba, wanarudi. Chambo kinachoshuka polepole kikitikisika kinawapa nafasi ya kufanya hivyo. Unainua fimbo, unasikia mtetemo, unashusha fimbo huku mshipi ukiwa umelegea kidogo tu, na mara nyingi pigo linakuja pale chambo kinapoanguka. Kinachotangulia kichwa kitapita mbele ya pango la chewa kabla hajaamua. Ila kwenye mchanga wenye mkondo, ambako kolekole wanapita kwa makundi wakifukuza dagaa, chambo kinachoshuka taratibu kitabebwa na maji kabla hakijafika walipo. Hapo kile kizito cha mbele kinashinda.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba chambo cha gramu 14 kinashuka kama sentimita 30 kwa sekunde. Ukihesabu hadi kumi, umefika mita tatu. Ni kanuni ya kuanzia tu, kwa sababu mshipi mnene unakizuia, mkondo unakibeba, na ndoana ulizobadilisha zinakiongezea uzito. Njia ya uhakika ni kupima mwenyewe. Pipa la lita 200 lina kina cha karibu sentimita 85. Lijaze maji, tia chambo kikiwa na ndoana zake zote na kipande cha waya utakachokifunga mbele yake, kishike kwa uzi uliolegea, kiachie, tazama. Kikifika chini kwa sekunde tatu, uko kwenye ile kanuni. Ukikiona kinajiviringisha au kinashuka kwa mkia, usiende nacho baharini kabla hujakirekebisha. Kupima vyambo vyote ulivyonavyo hakuchukui hata saa moja, na utajua jambo ambalo hakuna orodha ya nyota itakayokuambia.

Kumbuka tu kwamba maji ya pipa si ya chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia mbili na nusu hivi. Inasikika kama kitu kidogo, basi tufanye hesabu. Tuseme chambo kina gramu 14 na mwili wake unachukua nafasi ya sentimita 11 za ujazo. Ndani ya pipa, maji yanakinyanyua kwa gramu 11, kwa hiyo kinachobaki kukizamisha ni gramu 3. Baharini maji yanakinyanyua kwa gramu 11.3 hivi, na kinachobaki ni gramu 2.7. Umepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kuzama. Kwa chambo kizito huoni tofauti. Kwa kile kilichotengenezwa kuning'inia katikati ya maji ya bwawa, tofauti ni kubwa: baharini kinaweza kupanda juu na kuelea. Ukiona neno la kuning'inia kwenye maelezo ya chambo cha bass, lisome kama onyo.

Vyuma

Chambo kizuri kinaweza kuharibiwa na vitu vya bei ndogo kabisa vilivyomo: ndoana, pete za kuunganishia, na tundu zinazozishika. Vyambo vingi vya maji baridi vinakuja na ndoana nyembamba zilizochongwa kuwa kali sana kwa sababu bass anavuliwa kwa fimbo laini. Baharini ndoana hizo zinanyooka kolekole mkubwa akigeuza ubavu, au zinashika kutu ndani ya muda mfupi kama hukuziosha. Pete nazo zinafunguka, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, maana unapoteza samaki na ndoana huku chambo kikirudi kizima bila alama yoyote ya kukueleza kilichotokea.

Tazama pia tundu zenyewe zimeshikwa na nini. Kwenye vyambo vingi mwili ni nusu mbili za plastiki zilizogandishwa, na tundu zimekaa ndani ya plastiki hiyo peke yake. Kwenye vilivyotengenezwa kwa bahari, waya mmoja unapita mwilini na kuunganisha tundu la mshipi na tundu za ndoana, kiasi kwamba hata plastiki ikipasuka samaki bado yuko kwenye chuma. Halco, kampuni ya Fremantle huko Australia Magharibi, imejulikana kwa vyambo vya kustahimili samaki wa Bahari ya Hindi, na Trembler yake ni chambo kisicho na ulimi kilichofikiriwa kwa maji ya chumvi tangu mwanzo. Ukikilinganisha na cha bass kwa macho kinaonekana kizito na kisicho maridadi. Samaki wetu wengi wako pia katika maji ya Australia Magharibi, nguru akiwemo, kwa hiyo mapendekezo ya wavuvi wa kule yanatufaa kuliko ya Louisiana.

Unaweza kununua chambo cha maji baridi na kukibadilisha vyuma, na mara nyingi ni uamuzi mzuri wa fedha. Chambo cha bei nafuu kilichowekewa ndoana nene na pete imara ni bora kuliko cha bei kubwa kilichobaki na ndoana za bwawani. Ila ndoana nene ni nzito. Zipime zile za zamani na mpya kwa mizani ndogo, ile ya sonara inatosha. Ukiongeza gramu moja au mbili kwenye chambo cha gramu 14, mtetemo unapungua na mkia unaweza kuanza kutangulia. Rudi kwenye pipa ukatazame. Suluhisho ninalolipendelea ni kuondoa ndoana za ncha tatu na kuweka za ncha moja zenye shina fupi na tundu lililogeuzwa ili ndoana ikae sawa na mwili. Uzito unabaki karibu uleule, hazinasi sana kwenye mwani, na ni salama zaidi. Samaki anayerukaruka ndani ya mtumbwi akiwa na ncha sita za ndoana zilizo wazi ni hatari kwa vidole na miguu ya kila aliyemo, na kutoka katikati ya bahari hadi hospitali ni safari.

Mbele ya chambo, ukivua palipo na nguru au mzia, weka kipande kifupi cha waya. Kiwe chembamba na chepesi. Waya mnene unakandamiza pua ya chambo na kuua mtetemo uliokuwa umeulipia. Fungia kwa klipu ndogo ya mviringo badala ya kukaza fundo kwenye tundu, ili chambo kiwe huru kutikisika.

Kasi

Watu wawili wanaweza kubishana hadi usiku kuhusu chambo kimoja, mmoja akisema ni kizuri sana na mwingine akisema kinapinduka, na wote wawili wakawa wakweli. Mmoja anarusha kutoka kwenye mwamba. Mwingine anarambaza, anakivuta nyuma ya boti.

Rili ya ukubwa wa 5000 yenye gia ya sita kwa moja huvuta karibu mita moja ya mshipi kwa mzunguko mmoja wa mkono. Ukizungusha mara mbili kwa sekunde, na hiyo tayari ni kazi ya jasho, chambo kinakwenda mita mbili kwa sekunde, sawa na noti nne hivi, yaani maili nne za baharini kwa saa. Boti ya faiba inayorambaza nguru kwa noti nane inakivuta chambo mara mbili ya hapo. Chambo cha bass kimetengenezwa kwa kasi ya mkono, tena mkono usio na haraka. Kikifikishwa noti nane kinalala ubavu, kinazunguka, na kurudi na mshipi uliosokotwa. Hakuna namna ya kukirekebisha.

Kwa kurambaza kuna vyambo visivyo na ulimi vya ukoo tofauti: virefu, vyembamba, vyenye uzito wa kutosha kubaki chini ya maji kwa mwendo mkali. Madmacs ya Nomad Design, kampuni nyingine ya Australia, ilibuniwa kwa ajili ya nguru na jamaa zake, kwa kasi ambazo vyambo vingi vyenye ulimi hung'oka majini. Kukiweka kwenye meza moja na Rat-L-Trap na kuuliza kipi bora hakuna maana. Kimoja ni cha boti, kingine ni cha mkono. Muuzaji akikuuliza unavulia wapi kabla hajakuonesha kitu, huyo ni muuzaji wa kurudi kwake.

Sauti

Ukikitikisa chambo sikioni dukani unafanya jambo ambalo kila mtu hufanya, na linapotosha. Mlio mkali wa gololi ndogo nyingi una sehemu kubwa iliyo juu ya kiwango cha kusikia cha samaki. Wengi wao husikia vizuri sauti za chini, hazi (mitetemo kwa sekunde) mia chache, na uwezo huo unapungua kwa kasi ukikaribia hazi 1,000. Jodari wa mapezi ya njano, kwa mfano, alipopimwa alionekana kusikia hadi karibu hazi 1,100 na hapo akaishia. Zaidi ya masikio, samaki ana ule mstari wa pembeni unaohisi msukosuko wa maji, ila ni kwa sauti za chini sana na kwa umbali mfupi, urefu wa mwili wake mara moja au mbili. Kwa hiyo mtetemo wa mwili wa chambo chenyewe unamfikia samaki aliye jirani hata kama hakina gololi hata moja.

Sauti inasafiri majini kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na maji machafu hayaizuii jinsi yanavyozuia mwanga. Hapo ndipo gololi zinapostahili fedha yako. Kazi yake ni kumwambia samaki asiyeona kwamba kuna kitu upande ule. Sauti nzito inafanya kazi hiyo vizuri kuliko kelele nyembamba, na ndiyo hoja ya vyambo vyenye gololi moja kubwa, kama One Knocker ya Booyah, inayogonga mara moja kila mwili unapogeuka. Rippin' Rap ya Rapala, kampuni ya Kifini iliyoanza 1936, iko upande wa kelele: gololi zake zinapiga kwa nguvu na mlio wake unatambulika kwa urahisi. Gololi ya tangsteni, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa karibu mara 1.7 ya risasi, ni ngumu na inagonga kwa ukali. Pia inaacha nafasi tumboni, chambo kinabaki kidogo kwa umbo na kizito kwa kurusha, na sehemu ya bei kubwa ya vyambo vya Kijapani inatokana na hilo.

Sasa mfikirie nguru. Hana kibofu cha hewa tumboni, kile ambacho samaki wengine hukitumia kukuza sauti kabla haijafika sikioni. Anawinda kwa macho na kwa mbio. Kwake mng'aro na kasi vinatangulia, na kumlipia gololi za tangsteni ni kumnunulia redio asiyeisikiliza. Kolekole na chewa wana kibofu hicho, na maji yakiwa na matope nafasi ya sauti kwao ni kubwa. Maji yakiwa angavu nje ya kisiwa, maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana), hakuna upepo, mimi hutumia kisicho na gololi kabisa. Kampuni kadhaa hutoa chambo kilekile kwa namna mbili, chenye mlio na kimya. Inafaa kuwa na vyote viwili kuliko kuwa na rangi tano za kimoja.

Kuhusu rangi sina mengi. Wekundu hupotea haraka ukienda chini, mng'aro wa fedha unabaki kuonekana pale mwanga unapofika, na samaki wengi wanaoliwa na wanyang'anyi wetu, dagaa na vibua, wana mgongo wa buluu au kijani na ubavu wa fedha. Anza na hiyo. Kwa maji ya matope ongeza kimoja cheusi au cha njano iliyokolea.

Majira na mahali

Dar ina bahari zaidi ya moja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Maji hayo yote yanaingia na kutoka kwenye mikono ya bahari yenye mikoko kama ule wa Kunduchi, na yakitoka yanabeba samaki wadogo. Kolekole na mzia wanajua. Mkondo ukiwa umeshika, chambo cha gramu 14 kinakuwa chepesi mno. Nenda gramu 21 au zaidi, kinachotangulia kichwa, ukirushe upande mkondo unakotoka na ukiache kishuke kikielekea walipo. Siku za maji mafu badilisha: gramu 14 au hata 7, kinachotikisika kikishuka, na mkono wa taratibu.

Masika yakikolea, Msimbazi na mito mingine inamwaga matope na taka, na maji ya karibu na daraja la Tanzanite yanageuka rangi ya chai. Huo ndio wakati wa sauti nzito na mwendo wa polepole. Kaskazi ikitulia, maji ya nje yanakuwa angavu hadi unaona kivuli cha chambo juu ya mchanga, na huo ni wakati wa kimya na wa kasi. Kusi nayo inachafua maji ya ufukweni kwa mawimbi na kuleta mwani uliokatika. Hapo ndoana za ncha moja zinakuokolea siku, kwa sababu mtetemo ukikatika ghafla ujue umebeba jani, na chambo chenye jani ni bure kukivuta.

Visiwa vilivyo mbele ya macho yetu vinavutia, lakini Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu 1975, na visiwa vya Sinda navyo vimo katika hifadhi. Maji yanayovizunguka si ya kurushia chambo. Hifadhi hizo zikiheshimiwa, samaki wanakua humo na kutoka nje, na tunaowavua nje ndio tunaofaidika. Kuna jambo jingine la matumbawe ninaloomba lizingatiwe. Chambo kisicho na ulimi kinanasa kirahisi kwenye mawe kwa sababu kinashuka kila unapoacha kuvuta. Kikinasa, usivute kwa nguvu zote moja kwa moja hadi jiwe livunjike au mshipi ukatike. Legeza, sogea upande wa pili kama unaweza, tikisa ncha ya fimbo kwa mitikisiko mifupi, uzito wa mbele mara nyingi utaigonga ndoana itoke. Mshipi ukikatika umeacha pale ndoana na plastiki ambavyo vitamdhuru kasa au mpiga mbizi.

Kwa mwenye fedha ya vyambo viwili tu, na anayerusha kutoka ufukweni au kwenye mtumbwi, ningemshauri hivi. Anunue kimoja cha gramu 21 hivi kinachotangulia kichwa, chenye mlio mzito, cha rangi ya fedha. Cha pili kiwe cha gramu 14, kimya, kinachotikisika kikishuka. Avue ndoana zote za kiwandani, aweke nzuri za ncha moja na pete za bahari, avipime pipani, na kila akirudi avitie kwenye ndoo ya maji baridi, avisuuze na kuvikausha kabla ya kuvirudisha kwenye kasha. Dukani asiogope kusema, "Kaka, naomba nikitazame kwanza," akaikunja pete kwa kucha, akatazama mshono wa plastiki kwenye mwanga na kuuliza kama waya umepita ndani. Chambo cha kuiga kisicho na jina la kampuni kinaweza kuwa kizuri au kibaya kuliko unavyofikiri, na mambo hayo matatu yanatosha kuonesha kiko upande gani.